Samaki Mdogo Si Samaki Mchanga: Lugha katika Kazi ya Maabara ya Bahari

Kutoka Butembo hadi Bahari ya Hindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, lakini bahari haiko mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Pikipiki, misumari na mafuta ya gari hushushwa bandarini Mombasa, hupita Kampala, huvuka mpaka Kasindi, na kufika Beni na Butembo. Kiswahili nacho kilifika mashariki ya Kongo kwa njia za biashara zilizoanzia pwani. Hata jina la jimbo letu limebeba bahari. Tunaposema Kivu ya Kaskazini, tunataja upepo, kwa sababu neno kaskazini limetokana na kaskazi, pepo zinazovuma pwani kutoka upande huo kati ya Novemba na Machi hivi. Wenzao ni kusi, ambao wametupa neno kusini.

Makala haya yanaeleza jinsi maabara ya ikolojia ya bahari inavyofanya kazi uwandani na jinsi inavyopeleka matokeo yake kwa wananchi. Mfano wangu mkuu ni Gazi, kwenye pwani ya kusini ya Kenya. Ninaandika kama mwanafunzi wa isimu, si wa biolojia, na hoja yangu ni moja: katika maabara ya namna hiyo, lugha si karatasi ya kufungia matokeo baada ya utafiti kwisha. Lugha ni chombo cha kupimia. Maneno yakikosewa, vipimo hukosewa, na sheria zinazojengwa juu ya vipimo hivyo huwaumiza watu. Mwishoni nitarudi nyumbani, kwenye Ziwa Edward, ambako jambo hili linagusa sahani zetu.

Saa ya kazi ni maji

Kenya ina Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, inayojulikana kwa kifupi kama KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao makuu Mombasa. Kituo chake kimoja kiko Gazi, kijiji cha kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Tukisikia neno maabara tunafikiria chupa na darubini. Hivyo vipo, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika nje, katika tope la mikoko, juu ya majani ya bahari na pale ufukweni ambapo wavuvi hushusha samaki.

Kazi hiyo haifuati saa ya ukutani. Baharini maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Kipindi hicho huitwa bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua, na siku hizo huitwa maji mafu. Mtafiti anayetaka kufika mbali kwenye tambarare ya matope husubiri bamvua, maana ndipo maji yanapoondoka kabisa. Akikosea siku, atakuta mahali pake pa kupimia pamefunikwa.

Kwa mwanaisimu, neno bamvua linastahili kuangaliwa vizuri. Ndani ya silabi tatu kuna umbo la mwezi, kina cha maji, idadi ya siku na njia zinazopitika kwa miguu. Mvuvi aliyelirithi kutoka kwa wazee wake anajua ratiba ya maabara kabla maabara haijaitangaza. Ndiyo maana wageni wanaofanya utafiti pwani hujifunza neno hili mapema: bila hilo hawawezi hata kupatana saa ya kukutana na mwenyeji wao.

Boriti ndani ya jedwali

Jina mikoko lina mambo yake. Mkoko, kwa maana yake finyu, ni mti mmoja wenye mizizi inayosimama kama miguu mingi, ambao wanasayansi huuita Rhizophora mucronata. Lakini pwani ya Kenya ina aina tisa za miti inayoota katika maji ya chumvi, na wenyeji wanazitofautisha. Mchu ni Avicennia marina, mkandaa ni Ceriops tagal, mlilana ni Sonneratia alba, mkomafi ni Xylocarpus granatum. Jina la mti mmoja limepanuka hadi kuwa jina la msitu mzima. Upanuzi wa maana wa aina hii tunaufundishwa darasani, na mara nyingi tunauona kama jambo la kupendeza tu. Uwandani ni jambo la hatari kidogo. Ukimuuliza mzee ni mikoko mingapi imekatwa upande ule, anaweza kukuhesabia Rhizophora peke yake au kila mti ulio majini. Nambari mbili tofauti kabisa zitatoka katika swali moja, na zote mbili zitakuwa jibu la kweli.

Wapo maneno mengine ambayo maabara imeyachukua na kuyaheshimu. Kwa karne nyingi miti ya mikoko imekatwa kwa ajili ya kujengea nyumba za pwani na kuuzwa ng'ambo, na wafanyabiashara waliipanga kwa unene. Fito ni nyembamba kuliko zote, chini ya sentimita 4 hivi. Pau hufika karibu sentimita 8. Boriti ni kati ya 8 na 13. Nguzo hufika kama 20, na inayozidi hapo huitwa banaa. Watafiti wa mikoko nchini Kenya, wanapopima kipenyo cha shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, wameyaingiza makundi haya katika majedwali yao ya kisayansi. Ukifungua makala yao ya Kiingereza, utakuta boriti na nguzo zimeandikwa vilevile.

Faida yake ni kubwa kuliko adabu. Boriti ndiyo inayotafutwa sana kwa ujenzi. Msitu unaweza kuonekana wa kijani ukitazamwa kutoka barabarani, huku boriti zilizonyooka zikiwa zimekwisha na kubaki miti iliyopinda. Jedwali lenye wastani wa unene peke yake linaweza kuficha upungufu huo. Jedwali lenye safu ya boriti linaufichua, na fundi wa nyumba anaweza kulisoma na kusema kama ni kweli au si kweli. Hapo maabara imepata kitu kisichonunuliwa kwa fedha: msomaji wa kijijini anayeweza kuikosoa.

Jina moja, samaki wengi

Kwa samaki mambo ni magumu zaidi. Kenya ina vikundi vya wavuvi vinavyosimamia fukwe zao, na kumbukumbu za samaki wanaoshushwa hapo mara nyingi huandikwa kwa majina ya wenyeji. Samaki ambaye Kenya anaitwa tafi, Tanzania anaitwa tasi. Hilo ni rahisi, kamusi inatosha. Changu si rahisi, kwa sababu jina hilo hukusanya aina nyingi za jamii ya Lethrinidae, na pono nalo hukusanya samaki wengi wenye mdomo kama wa kasuku. Aina moja ikipungua na nyingine ikiongezeka, safu ya changu katika daftari inaweza kubaki ileile mwaka hata mwaka. Bahari itakuwa imebadilika, na daftari halitajua.

Tukiondoka pwani na kuelekea kwenye maziwa yetu, mkanganyiko unazidi. Chukua dagaa. Baharini ni visamaki vya maji ya chumvi. Katika Ziwa Tanganyika, dagaa au ndagala ni jamii nyingine, hasa Stolothrissa na Limnothrissa. Katika Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, ambaye hana undugu wa karibu na hao wa kwanza. Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Limnothrissa huyohuyo wa Tanganyika alipopandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, akapata jina la sambaza. Kwa hiyo tuna jina moja lenye samaki wengi, na samaki mmoja mwenye majina mengi, ndani ya eneo ambalo lori moja hulivuka kwa siku chache.

Majina mengine huleta kicheko kabla ya kuleta tatizo. Nikisema mjini Butembo kwamba nimekula kambale, watu watashtuka, kwa sababu kwetu Kambale ni mtoto wa pili wa kiume. Tanzania ni samaki mwenye sharubu. Papa ni baba yetu, lakini pwani ni samaki mwenye meno ya kuogopwa. Mtu anayetoa elimu ya samaki kwa kutumia kitabu kilichochapwa Mombasa au Dar es Salaam, bila kukipitisha kwanza katika masikio ya Butembo, atashangaa kwa nini darasa linacheka.

Kurudi kijijini na matokeo

Maabara ya Gazi inajulikana duniani kwa jambo moja zaidi. Mwaka 2013 ulianza mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko na kuuza huduma ya kuzuia hewa ukaa, tani zipatazo 3,000 kwa mwaka. Wanunuzi ni watu na mashirika wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha huingia katika mfuko wa kijiji, na wanakijiji huamua matumizi yake: maji safi, shule, upandaji wa miti. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye mfano wake ulifuatwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania.

Fikiria sasa kazi ya lugha iliyomo humo. Mtu anakuja kwenye mkutano na kusema kwamba kuna wazungu watakaonunua hewa. Kwetu Butembo, mji wa wafanyabiashara, anayeuza hewa angefukuzwa sokoni. Mwananchi ana haki ya kuuliza: hewa gani, ya nani, na nikishaiuza, nitavuta nini? Tafsiri ya neno kwa neno haijibu swali hilo. Kinachojibu ni maelezo yanayoanzia mahali msikilizaji aliposimama.

Kiswahili chenyewe kinatoa mlango. Ukaa ni ndugu wa makaa, yale tunayoyaita makala. Kila jikoni Beni na Butembo linajua kwamba makala yametoka ndani ya mti. Mti unapokua, hukusanya ukaa kutoka hewani na kuuweka mwilini. Ukichomwa, ukaa hurudi hewani. Mikoko inashinda miti mingi kwa sababu tope lake halina hewa ya kutosha ya kuozesha haraka, hivyo majani na mizizi iliyokufa hubaki chini kwa muda mrefu sana. Ghala kubwa liko ardhini, si kwenye matawi. Kinachouzwa, basi, si hewa. Kinachouzwa ni ahadi ya kutofungua ghala. Ahadi hupimwa kila mwaka, na ndiyo maana vijana wa kupima kipenyo hurudi tena matopeni bamvua ikifika.

Jina la mradi lenyewe ni sehemu ya elimu. Mikoko Pamoja ni maneno mawili ambayo mtoto wa shule anayaelewa bila mkalimani. Linganisha na miradi mingi ya eneo letu, ambayo majina yake ni herufi nne au tano za Kifaransa, na mwananchi hubaki akiyatamka kama jina la kampuni ya simu.

Ziwa letu na neno moja

Nimesema nitarudi nyumbani. Wilaya ya Beni ina pwani yake, ya maji matamu. Kyavinyonge iko kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na ni mojawapo ya vijiji vitatu vya uvuvi vilivyoruhusiwa upande wa Kongo, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma. Karibu yake ni Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani. Hapo ndipo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alipochimbua mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mpangilio, pamoja na vyusa vya mifupa vya kuvulia samaki, vinavyokadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Kuvua na kuweka alama, basi, ni kazi za zamani sana pwani hiyo.

Ziwa limepata majeraha. Viboko, ambao usiku hula majani nchi kavu na mchana hulirutubisha ziwa kwa mavi yao, walikuwa zaidi ya 20,000 katika hifadhi miaka ya 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa hawafiki 2,000. Vita viliongeza silaha na kupunguza usimamizi. Nyavu za matundu madogo na uvuvi kwenye mazalia, ambayo wengi huyaita kwa Kifaransa «frayères», ni malalamiko ya kila siku. Wavuvi hukamatwa, nyavu huchomwa, na kaya zinakosa chakula. Hapo neno moja linaweza kuwa na uzito.

Nimezunguka masoko ya Butembo na Beni nikiuliza majina ya samaki wakavu. Jina nililolisikia mara nyingi ni «fretin». Katika Kifaransa, neno hilo hutumika kwa samaki wachanga na pia kwa samaki wadogo wasio na thamani. Sokoni kwetu limekuwa jina la bidhaa: visamaki vikavu vinavyopimwa kwa kopo, vingi vikiwa vimetoka Uganda. Hao ni watu wazima. Mukene hukomaa na kutaga akiwa na urefu wa sentimita chache tu. Lakini tilapia mwenye urefu wa kiganja ni mtoto, hajazaa hata mara moja.

Sasa sikiliza tangazo linalosema: ni marufuku kuvua na kuuza samaki wadogo. Mwanabiolojia anamaanisha umri. Mama muuzaji anasikia ukubwa. Kiswahili chetu kinaongeza ugumu kwa kiambishi cha udogishi tunachokitumia, ka- na tu-, kama lugha nyingi za jirani zinavyofanya. Tusamaki ni samaki wadogo wa aina yoyote. Kiambishi hakisemi kama wamekua au hawajakua. Muuzaji wa mukene anaona anaonewa, kwa sababu samaki wake hawatakua zaidi hata wakiachwa miaka. Mwenye tilapia wachanga anaona ameruhusiwa, kwa sababu samaki wake ni wakubwa kuliko wale wa jirani. Tangazo limewatisha wasio na hatia na kuwapitisha wenye nyavu mbaya.

Dawa iko ndani ya lugha yetu. Kila mtu Butembo anasema mutoto muchanga. Hakuna anayechanganya mtoto mchanga na mtu mfupi. Tukisema samaki mchanga ni yule ambaye hajazaa bado, na samaki mdogo ni yule ambaye ukoo wake ni mfupi, mjadala wote unasogea. Muuzaji anaweza hata kubishana na mkaguzi kwa hoja, badala ya kulipa ili aachwe.

Beni na Butembo hatuhitaji kuambiwa kwamba maneno ya sayansi yanaweza kuua imani. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliwaua watu zaidi ya 2,200, hasa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Neno «riposte» likawa kwetu jina la magari, la wageni na la mishahara yao, kuliko jina la kupambana na ugonjwa. Mtu aliyeitwa «suspect» alisikia anashtakiwa, wakati daktari alimaanisha kwamba anastahili kupimwa. Sababu za hasira ya wakati ule zilikuwa nyingi, za siasa na za usalama, na lugha haikuwa peke yake. Lakini ilikuwa miongoni mwao, na ndiyo ambayo kitivo cha lugha kingeweza kuigusa.

Kazi inayotusubiri

Ninaona kazi tatu ambazo mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anaweza kuzifanya bila darubini. Ya kwanza ni kukusanya majina ya samaki, ya upepo, ya nyavu na ya sehemu za ziwa, kwa Kinande na kwa Kiswahili cha wavuvi, na kuyaunganisha na samaki halisi aliye mkononi, si na picha ya kitabuni. Jina lisilo na samaki wake ni nusu ya takwimu. Ya pili ni kuuliza mipaka ya kila jina: linaishia wapi, linakusanya nani, nani hulitumia na nani hulikataa. Ya tatu ni kusikiliza matangazo kabla hayajatolewa, kwa kuwasomea watu wachache na kuwaomba waeleze walichoelewa. Wakieleza kitu kingine, tangazo ndilo linalosahihishwa.

Kongo ina kituo cha utafiti wa haidrobiolojia Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, na Kenya ina Gazi. Siku Kyavinyonge itakapopata meza ya kupimia samaki, hata ikiwa chini ya paa la mabati, anayeandika katika daftari ataandika neno fulani kwenye safu ya kwanza. Ni vizuri neno hilo liwe limeshaulizwa kwa wenyewe, na sisi tuko karibu nao kuliko mtu mwingine yeyote.